Sahani Kumi na Moja za Joto

Mayai yalianza kusema asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka. Mama Vifaranga alibandika sikio kwenye mlango wa kiatamizi, akainua kidole kuwanyamazisha watu wote wa nyumba ile, ingawa waliokuwepo ni wawili tu: mumewe, aliyekuwa akitafuta soksi, na Bibi, mama mkwe wake, aliyekuwa akimtazama mwanawe akitafuta soksi.

"Wanaita!" alisema kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika hadi jikoni. "Jamani, wanagonga! Njooni msikie!"

Mumewe alikuja na soksi moja. Ndani ya maganda kulikuwa na vilio vidogo vyembamba, huku na huku, kama watu waliofungiwa vyumba tofauti wakiulizana nani ana ufunguo. Yai moja la safu ya mbele lilikuwa limepasuka kidogo, na ncha ya mdomo ikachungulia, ikarudi ndani.

"Huyo kakuona wewe," Bibi alimwambia mwanawe. "Ndiyo maana karudi."

Wote watatu wakacheka, na kicheko chao kilikuwa na woga ndani yake. Mayai yale hayakuwa yao. Yalikuwa ya wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na alama yake ya kalamu kwenye ganda, na kesho wenyewe wangekuja na maboksi kuchukua vifaranga. Safari iliyopita baridi iliwapitia vifaranga wengi, na mteja mmoja akaliacha boksi lake tupu mlangoni kwa Mama Vifaranga, mdomo wazi, mpaka jioni, ili kila apitaye aulize. Wapitaji waliuliza. Mteja yule alisimama pembeni akiwajibu mmoja mmoja. Safari hii ikiharibika, hakuna atakayemletea tena hata yai la kukaanga.

"Washa hita ya kizimba ianze kupata moto," alimwambia mumewe. "Kiatamizi chenyewe kidogo. Wakikauka tu lazima watoke, la sivyo watakanyagana."

Mumewe akaiwasha. Hita ikatoa mlio, ikatoa cheche, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikatulia.

Sasa huyu mumewe mtaa ulimwita Fundi Waya. Pasi zote za mtaa ule, majiko ya umeme, feni, birika, hata viyoyozi vya ofisi za barabara kuu, vilipitia mikononi mwake vikarudi vinafanya kazi. Vya nyumbani kwake ndivyo vilivyosubiri foleni. Aliifungua hita, akaiinamia, akainuka polepole.

"Imekufa."

"Imejifia au umeiua?" Bibi aliuliza.

"Mama, waya wote umeyeyuka. Hii haifufuki." Alikuwa tayari anavaa viatu, mguu mmoja na soksi, mwingine bila. "Naenda kwa Mzee Makontena. Juzi kashusha sahani za joto, zile bapa za kuning'iniza. Msiwatoe mpaka nirudi!"

"Nani anawatoa?" mkewe alimpigia kelele mgongoni. "Wanatoka wenyewe!"

&nbsp;

Alirudi na sahani moja ya bati nene, upana wake kama meza ya chai, imeviringishwa gunia. Kwenye kibandiko cha nyuma kulikuwa na picha ya sahani ikiwa imening'inia usawa wa goti la mtu, na mstari mmoja tu wa maandishi uliosalia, mengine yote yamefutika: BTU 95 kwa saa kwa futi ya mraba.

"Bitiyu ndiyo nini?" Mama Vifaranga aliuliza. Mikononi alikuwa na kifaranga cha kwanza, bado kilowevu na kibaya kama kitambaa cha kupigia deki.

"Kipimo cha joto. Wengine wanapima kwa wati, wengine kwa bitiyu. Kitu kimoja, majina mawili."

Kwenye mlango wa kizimba, mtaalamu wa mifugo alikuwa amewaandikia kwa kalamu nyekundu: wiki ya kwanza, wati 300 kwa mita ya mraba. Mama Vifaranga aliyaamini maandishi yale kuliko alivyomwamini mtu yeyote aliye hai.

"Haya, hiyo yako inatoa wati ngapi?"

Fundi Waya akatoa simu na kuanza kubonyeza. Hesabu hii aliijua hata usingizini, maana viyoyozi vyote huandikwa bitiyu, na kila mwenye ofisi humuuliza wati ngapi. Bitiyu moja kwa saa ni wati sifuri nukta mbili tisa tatu. Tisini na tano mara sifuri nukta mbili tisa tatu. Akatazama jibu. Akalifuta, akapiga upya. Akageuza kichwa kando kama mtu anayetumai kwamba tarakimu zikitazamwa upande zitaongezeka.

"Ishirini na nane," alisema.

"Ishirini na nane nini?"

"Wati. Wanataka mia tatu. Hii inatoa ishirini na nane, tena kasoro."

Kwenye kiatamizi kelele zilizidi. Aliiwasha sahani, akaweka kiganja chini yake. Bati lilikuwa nene, halijapata moto bado, na joto lililomgusa lilikuwa kama pumzi ya mtoto.

"Si umeona? Vuguvugu. Hesabu haidanganyi." Akagawanya mia tatu kwa ishirini na nane. "Tunahitaji sahani kumi na moja."

"Kumi na moja!" Bibi alishika kifua. "Wewe unalea kuku au unafungua timu ya mpira?"

"Mama, huu si wakati wa utani."

"Mimi sitanii. Nauliza golikipa ni nani."

Mama Vifaranga hakucheka. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu, halafu macho yao wote wawili, bila kuulizana, yakaenda kwenye kona ya dirishani, kwenye cherehani ya Mama Vifaranga, kitu pekee nyumbani cha kuuzika.

"Usiseme," mkewe alisema.

"Sijasema."

"Umetazama."

"Na wewe umetazama."

Ndani ya kiatamizi yai jingine likapasuka, kifaranga kikapinduka chali, miguu juu. Mama Vifaranga alikitazama mpaka kikasimama. Kisha akavuta pumzi.

"Muite Mama Pindo," alisema. "Kama ni kuuza, nauza sasa hivi, kabla sijaanza kufikiri."

&nbsp;

Mama Pindo, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, aliitamani cherehani ile kwa muda mrefu, kwa hiyo aliingia akiwa ameikunjia uso.

"Hii ndiyo yenyewe?" aliuliza, kama kwamba chumbani kulikuwa na nyingine. Akaketi, akaikanyaga, akaisikiliza. "Inakohoa."

"Haijawahi kukohoa," Mama Vifaranga alisema.

"Shoga, kazi yangu ni hii. Inakohoa." Akapitisha kipande cha kitambaa chini ya sindano. Mshono ukatoka umenyooka kama njia ya reli. Akautazama, akaukunja haraka akautia mfukoni usije ukaonekana na mwenye mali. "Na rangi imebabuka. Na huu mguu je, haujalegea? Mimi nanunua kwa kuwa ni wewe. Mwingine angekwambia uweke maua juu yake."

Bei aliyoitaja ilikuwa ya kitu cha kuwekea maua. Mama Vifaranga alifumba macho, akaikubali. Fundi Waya alikuwa keshatimka tena, kwenda kuzishika zile sahani kumi asije mwingine akazichukua, na wakati Mama Pindo anatoka ameikumbatia cherehani, huku akipaza sauti kwa jirani kwamba amemsaidia mwenzake, Bibi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Uitunze," alimwambia. "Na ikiwa inakohoa, ipe dawa."

&nbsp;

Kwa Mzee Makontena kulikuwa na furaha ambayo haijaonekana tangu mlango wake ufunguliwe. Alikuwa akiuza mitumba ya mashine, na hakuna aliyewahi kununua sahani zaidi ya moja.

"Kumi nyingine!" alisema, akizipangua. "Fundi, unataka kuhamisha jua ulilete chumbani?"

"Ni dhaifu hizi mzee wangu. Moja haitoshi hata kukausha kitambaa."

"Dhaifu?" Mzee Makontena alijikuna. "Mie moja niliiweka hapo mezani, ikanichomea kitambulisho. Lakini wewe ndiye fundi."

Fundi Waya hakulisikia. Alikuwa akisaidia kupakia mkokoteni na kuhesabu kichwani atapata wapi soketi za kuchomeka vitu vyote hivyo. Moja nyumbani, mbili kwa jirani, nyingine labda kwa fundi viatu, akikubali kuzima redio. Mkokoteni ukaondoka, yeye mbele, msukumaji nyuma, sahani zikigongana kama vyombo vya harusi. Watoto wa barabarani wakafuata. Mtu mmoja akauliza ni nini kile. "Joto!" Fundi Waya akajibu, na akaona fahari, japo hakujua kwa nini.

&nbsp;

Nyumbani Mama Vifaranga hakuweza kungoja. Vifaranga wa kwanza walikuwa wamekauka na kuwa manyoya matupu ya manjano, na wenzao walikuwa wakitoka kwa fujo, wakiwapanda vichwani. Aliwahamishia kizimbani watano watano. Ile sahani moja mumewe alikuwa ameining'iniza chini sana, karibu iguse migongo yao, kwa kuwa ni dhaifu. Angalau wafikiwe na hicho kidogo.

Aliwaweka chini yake. Vifaranga wakasimama, wakafikiri kwa muda unaotosha kifaranga kufikiri, kisha wakakimbia. Wote. Walikwenda hadi pembe ya mwisho ya kizimba, wakapanua mabawa yao ya kuchekesha, wakafungua midomo wakahema.

"Mama!" Mama Vifaranga aliita. "Mama, njoo uone!"

Bibi akaja. "Wana nini hao?"

"Wanahema."

"Kwa baridi?"

Wanawake wawili wakatazamana. Mama Vifaranga akaingiza mkono chini ya sahani, akauchomoa haraka, akautia mdomoni.

Alikuwa hajui bitiyu. Lakini vifaranga aliwajua: wakiona baridi hupandana wakawa rundo na kulia kwa mfululizo, na wakiona joto kali hutawanyika wakahema. Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Aliirefusha minyororo ya kuning'inizia, hapana, aliifupisha, akaipandisha sahani hadi usawa wa goti kama kwenye ile picha ya kibandiko. Wakasubiri wameinama, vichwa karibu vigongane. Kifaranga kimoja kikarudi hatua moja. Kingine kikakifuata. Kisha kundi zima likaja chini ya sahani likalegea, huyu amelala, huyu anadonoa sakafu, huyu anadonoa jicho la mwenzake.

"Sahani moja," Mama Vifaranga alinong'ona.

Ndipo mkokoteni ukafika mlangoni na makelele yake yote.

"Nimezipata!" Fundi Waya aliingia akitweta, jasho likimtoka. "Zote kumi! Nipe ile hela nimpe mtu wa Makontena, halafu tuzifunge upesi. Nani kaipandisha hii? Mke wangu, unawaua!"

"Tazama."

"Naiona! Umeipandisha juu huko, kitu chenyewe wati ishirini na nane..."

"Nimesema tazama, baba. Si sahani. Watazame wao."

Akawatazama. Vifaranga walikuwa wamejinyoosha chini ya sahani kama wageni waliokwishakula.

"Hii haiwezekani," alisema. "Kimahesabu, vifaranga hawa wanaganda."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Waambie basi! Waambie wanaganda! Wamesahau kutetemeka!"

"Mama, bitiyu moja kwa saa ni wati sifuri nukta mbili tisa tatu! Hilo halibadiliki duniani kote!"

"Sawa," mkewe alisema. "Bitiyu umeigeuza. Sasa hapa mlangoni nimesoma mita. Na pale kwenye sahani nimesoma futi. Futi umeigeuza wapi?"

Fundi Waya akatazama kibandiko, kisha mlango wa kizimba. Kwenye viyoyozi hakuna futi. Kwenye viyoyozi ni bitiyu kwa saa, basi, umemaliza, mwenye ofisi analipa unaondoka. Kwa miaka yote ya kazi hakuna aliyemtaka agawe joto kwa eneo.

"Chaki," alisema. "Nipeni chaki! Na futikamba!"

Futikamba na chaki za kushonea vilikuwa bado kwenye kibakuli cha dirishani, Mama Pindo hakuviona. Fundi Waya akapiga magoti uani mbele ya mkokoteni, mbele ya msukumaji, mbele ya watoto na majirani waliokuwa wamekuja kuona timu ya mpira. Alichora mraba mkubwa, mita huku na mita huku. Kisha akaigeuza futikamba upande wa inchi, na katika pembe ya mraba ule akachora kadogo, futi huku na futi huku. Kalionekana kama leso iliyodondoshwa kwenye shuka.

"Kumbe ni kadogo hivi," mkewe alisema.

"Endelea!" Bibi aliamuru. "Ujaze!"

Akachora kijimraba cha pili, cha tatu. Mkewe akashika chaki nyingine akaanzia upande wa pili. Watoto walihesabu kwa sauti. Vilienea vitatu kwa vitatu, tisa nzima, na pembeni pakabaki ukanda mwembamba pande mbili. Fundi Waya akaupima ukanda ule, akabonyeza simu, midomo ikichezacheza.

"Ukiuunganisha unatoa kingine kizima na robo tatu! Kumi na robo tatu! Sikieni jamani, zile wati ishirini na nane si za mraba wote! Ni za haka!" Akakapiga kofi kale kadogo, vumbi la chaki likaruka. "Kila haka kana ishirini na nane zake! Na haka! Na haka!" Akabonyeza tena, na mkono ulikuwa mweupe hadi kwenye kiwiko. "Mia mbili... mia mbili tisini na tisa na nusu!"

"Nusu ya kukosa tutapuliza kwa mdomo," Bibi alisema.

Uani pakalipuka vicheko na makofi, ingawa nusu ya waliokuwepo hawakujua wanashangilia nini. Mama Vifaranga peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amesimama katikati ya vile vijimraba, akivitazama.

"Ungezifunga zote kumi na moja," alisema taratibu, "ingekuwaje?"

Fundi Waya alijifuta uso, akajipaka chaki yote.

"Tungewachoma," alisema. "Tungewachoma wote, mke wangu, huku mimi nikiwaambia wanaganda."

Akainuka kwa ghafla. "Geuza mkokoteni!" alimwambia msukumaji. "Mwambie mzee amesema kweli kuhusu kitambulisho. Na wewe, mke wangu, nipe ile hela ya Mama Pindo nikaikomboe cherehani."

"Hatakupa. Hukuona jinsi alivyoibeba."

"Ataniambia mwenyewe."

&nbsp;

Mama Pindo alikuwa ameshaiweka cherehani karibu na mlango, mahali pa heshima, na wateja wawili walikuwa wameketi wakiisifu.

"Biashara imekwisha, Fundi," alisema bila kuinua macho. "Nimeilipia, nimeibeba kwa mikono yangu. Leo ikikohoa naitibu mwenyewe."

"Ni kosa langu, dada. Nilikosea hesabu."

"Hesabu gani?" Sasa macho aliyainua, na pembe za midomo zilikuwa zikicheza. "Wewe? Hesabu? Hebu tueleze. Na hawa wasikie."

Angeweza kukataa. Alikuwa na chaki usoni, soksi moja mguuni, na wateja wale wote wawili aliwahi kuwatengenezea pasi. Lakini alivuta kitambaa kilichokuwa juu ya meza ya kukatia, akachora mraba wa mita, akachora ka futi ndani yake, akaeleza tangu mwanzo: joto la kadogo amelichukua akaliita joto la kubwa, akaona halitoshi, akataka kulirudia mara kumi na moja. Hakuruka kitu. Hata vifaranga waliokuwa wakihema aliwaeleza.

Mama Pindo alitazama michoro ile kwa jicho la kazi.

"Yaani umempima mtu leso," alisema polepole, "ukamshonea suti."

"Ndiyo hivyo."

"Ikambana, ukasema mwili wake ndio wenye makosa!" Akaangua kicheko, akapiga meza, wateja wakacheka naye, naye Fundi Waya, afanye nini, akacheka pia. Mama Pindo alicheka mpaka akatoa machozi, akayafuta kwa ncha ya futikamba. Kisha akaitazama cherehani kwa muda, akapitisha kiganja juu yake mara moja.

"Haikohoi," alisema. "Weka hela yangu hapo, ichukue kabla sijabadilika. Na huo mraba nilioharibiwa nao kitambaa utaufua wewe."

&nbsp;

Alirudi akiwa ameiweka begani, akitembea upande upande kwa uzito, akipiga mluzi. Alikuwa amejiandaa kuingia kwa kishindo. Alishapanga maneno ya kusema, tena ya mzaha, juu ya leso na suti.

Alipokanyaga kizingiti mluzi ukamkatikia mdomoni. Nyumba ilikuwa kimya. Kiatamizi kilikuwa wazi, kimejaa maganda matupu. Kutoka kizimbani hakukutoka mlio hata mmoja. Bibi alikuwa kwenye kiti, mikono mapajani. Mkewe alikuwa amechuchumaa, amempa mgongo, hasogei.

Akaishika cherehani kwa mikono yote miwili.

"Wamekufa?" aliuliza.

Mama Vifaranga aligeuka, kidole kikiwa mdomoni, macho yakimng'aa.

"Shh," alisema. "Wamelala. Wote wamelala."

Fundi Waya akanyoosha shingo. Chini ya sahani moja kulikuwa na zulia la manjano lililopanda na kushuka, kupanda na kushuka, kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna rundo, hakuna aliyejitenga. Akataka kuitua cherehani, akakumbuka mguu wake wa chuma utakavyogonga sakafu. Basi akabaki amesimama palepale mlangoni, mzigo begani, jasho likimtiririka juu ya chaki, akitabasamu kama mtu asiye na akili, bila kuthubutu kuuweka chini.